Kampuni ya Mbao Ikiuza Msitu Mnaowindia

Waswahili wenzangu mnaowinda hapa jimbo la Georgia, Marekani, wengi mmenipigia simu kuhusu jambo hilohilo: klabu ya wawindaji wanaokodi msitu pamoja imepokea barua, msitu umeuzwa, ondoeni vitu vyenu ndani ya siku 30. Klabu yetu nayo iliipata barua hiyo, na nimechoka kurudia maelezo, kwa hiyo nayaandika hapa.

Anza kwa kuelewa unakodi nini. Kwetu Tanzania wanyamapori ni mali ya umma na vitalu vya uwindaji hutolewa na serikali. Hapa kulungu yuko chini ya jimbo, lakini ardhi anayokanyaga ina mwenyewe, na mwenyewe mara nyingi ni kampuni. Inapanda misonobari, inaivuna baada ya miaka 25 hadi 30 hivi, na wakati miti inakua inakodisha uwindaji kwa bei ya ekari kwa mwaka. Hesabu yake yote iko kwenye miti na ardhi. Ada zetu ni za kuisaidia kulipa kodi ya ardhi inayodaiwa na serikali, basi.

Zamani viwanda vya karatasi vilimiliki misitu yao wenyewe ili visikose magogo. Kodi za serikali na shinikizo la wenye hisa vikabadilisha mambo. Misitu ya kampuni ya karatasi ya Georgia-Pacific ilikwenda kwa kampuni ya misitu ya Plum Creek mwaka 2001, na Plum Creek yenyewe ikamezwa na kampuni ya mbao ya Weyerhaeuser mwaka 2016. Katikati hapo, mwaka 2006, kampuni nyingine ya karatasi, International Paper, iliuza zaidi ya ekari milioni 5 kwa takriban dola bilioni 6. Siku hizi wamiliki wengi ni mifuko ya uwekezaji, na mfuko hununua ukijua kabisa kwamba utauza, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15. Ongeza na viwanda vya karatasi vilivyofungwa mwaka 2025 huko Savannah na Riceboro, humuhumu Georgia: magogo membamba ya kutengenezea karatasi yamekosa mnunuzi wa karibu, huku wajenzi wa nyumba na wa mashamba ya umeme wa jua wakizunguka na mabegi ya hela.

Barua haiji bila dalili. Sisi tuliona utepe wa rangi ya waridi umefungwa kwenye vigingi pembezoni mwa barabara ya udongo, kisha alama mpya za rangi kwenye miti ya mpakani. Hao ni wapimaji. Baadaye miti ambayo haijafikia umri ikaanza kukatwa, na lango bovu tulilolilalamikia miaka nenda miaka rudi likatengenezwa ghafla. Ukiona hayo, ingia kwenye tovuti ya kaunti ya kumbukumbu za viwanja, utafute jina la mmiliki, na urudie kila baada ya muda. Ni bure. Jina likibadilika, umejua kabla ya wenzako.

Sasa mkataba. Usome kwanza kifungu cha mauzo, maana ndicho kinachokuhusu. Mengine ni moto, takataka na bima. Sheria ya Georgia kwa kawaida huuhesabu mkataba wa chini ya miaka 5 kuwa ruhusa ya kutumia tu, haukupi milki yoyote katika ardhi. Kwa hiyo omba viandikwe vitu viwili: kurudishiwa hela ya miezi iliyobaki, na kuruhusiwa kumaliza msimu wa kulungu, unaoishia Januari. Kampuni kubwa haitabadilisha fomu yake kwa ajili yenu, nawaambieni ukweli. Mzee mwenye ekari 200 za urithi atabadilisha, tena mkiwa mmekaa barazani kwake.

Hela zenu msizizike ardhini. Kuna klabu jirani iliyomwaga zege, ikajenga banda lenye jiko na bafu. Tingatinga la mmiliki mpya lilimaliza kazi kabla ya chakula cha mchana. Nunueni madungu ya ngazi yanayofunguliwa kwa spana, trela yenye magurudumu mazima, na mbegu za malisho ya kulungu za kutosha msimu mmoja tu. Kiasi fulani cha ada kibaki benki, maana ardhi mpya ikipatikana itatakiwa malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Barua ikishafika, msipoteze muda kumlilia muuzaji. Mtafuteni mnunuzi wiki hiyohiyo. Mpelekeeni cheti cha bima ya dhima (inayolipa mtu akiumia au mali ikiharibika kwa sababu yenu), orodha ya wanachama, na ramani inayoonyesha barabara mnazozitunza na mahali majangili wanapopenyea. Mmiliki mgeni anaogopa kesi na wezi wa mbao kuliko kitu kingine, na nyinyi ndio mnaoujua msitu. Mmoja wenu azungumze, si kumi kwa zamu. Kama amenunua kwa ajili ya nyumba, ombeni angalau msimu mmoja: vibali vya ujenzi huchukua muda, na hela ya bure haikataliwi.

Akikataa, yapo maeneo ya umma yanayosimamiwa na idara ya maliasili ya jimbo. Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda kwa bunduki magari yamejaa hadi barabarani, lakini kulungu wapo. Ila kabla ya kuhamia huko ulizeni kama jimbo linamiliki eneo hilo au nalo limekodi, kwa sababu baadhi ya maeneo hayo ni ya kampuni zilezile za mbao.