Kumshtaki kastoma bila wakili: ilivyoenda yangu

Wewe fundi uliyeuliza kama unaweza kushtaki kastoma bila wakili kwa balansi ya elfu 85, ndio unaweza, mimi nilifanya hivyo kwa Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani, Nairobi. Kastoma alichukua kitanda na kabati, akalipa dipoziti, halafu simu ikawa haishikwi.

Mahakama hiyo ililetwa na sheria ya 2016, mwanzoni mwisho wa pesa unayoweza kudai ulikuwa laki 2 lakini marekebisho ya 2020 yakapandisha hadi milioni 1, so wewe uko ndani kabisa. Ila mambo ya mshahara na kuchafuliwa jina usipeleke huko, utarudishwa tu.

Anza na barua ya madai, iandike mwenyewe na uweke ushahidi ameipata. Halafu unafaili kwa mfumo wa mahakama mtandaoni, unalipa na M-Pesa. Kama kompyuta inakusumbua nenda saiba, lakini madai andika wewe, hao wa saiba hukopi hadi jina la kesi ya mtu mwingine lol.

Sasa watu huogopa siku ya kusikizwa, ati utasema nini mbele ya wakili wake. Wa kwake alikuja na suti, akaanza na fomu haijakaa sawa sijui nini, lakini adjudiketa (yule anayesikiza na kuamua kesi) hapo hafungwi sana na zile kanuni kali za ushahidi, aliuliza tu vitu vilifika? nani alipokea? Nikatoa karatasi ya dilivari iliyosainiwa na soja wa geti, steitimenti ya M-Pesa, na meseji za WhatsApp kastoma akisema "nimeona ziko poa, natuma ijumaa". Hiyo ijumaa ndiyo ilimmaliza. Na ongea Kiswahili bana, usijitese.

Kazi yenyewe ni kumpata umpe samansi, ile barua ya kuitwa kortini (bila kiapo cha aliyempelekea hakuna kitu inasonga), halafu kulipwa. Sheria inataka kesi iishe kwa siku 60, sawa, lakini hukumu si pesa. Okshonia, yule dalali wa kushika mali ya mdaiwa na kuipiga mnada, atakuuliza ashike nini, kwa hivyo kabla hujafaili jua kama ana gari kwa jina lake, duka, ama benki gani anaweka pesa. Kama hana kitu, mi ningemwacha, utaongeza hasara tu.

Wangu aliposikia okshonia ameulizia gari yake akaomba kulipa pole pole, nikakubali lakini tukaandikisha kortini. Ya mwisho alichelewesha, na bado akataka nimrekebishie droo bure.