Vitabu vipya kabla ya bata mzinga: mmeuliza, nawajibu

Kwetu pwani huu ni wakati wa vuli, mvua zile fupi zinazokuja bila hodi na kuondoka bila kuaga. Huku Marekani miti imebaki mifupa, saa kumi na moja jioni watu wameshawasha taa, na Alhamisi ya tarehe 27 Novemba 2025 ni Sikukuu ya Shukrani, ile ya kula bata mzinga. Siku hiyo maktaba hufungwa, na nyingi hufunga mapema tangu Jumatano. Kwa hiyo wiki hizi kaunta ninapofanyia kazi haina kupumua, na simu yangu nayo imejaa maswali yenu. Nimechagua machache.

Dada, nimeomba *Dream Count* ya Chimamanda Ngozi Adichie kwenye Libby, ile programu ya simu ya kuazima vitabu vya maktaba, naambiwa nisubiri wiki kumi na moja. Kitabu cha kwenye simu kinaishaje? Si wanakili tu? (Kaka wa Minneapolis)

Laiti ingekuwa hivyo, kaka. Maktaba ikinunua kitabu cha karatasi, kimeshakuwa mali yake. Itakiazimisha mpaka jalada litoke na hakuna wa kuiuliza. Cha kielektroniki ni kama nyumba ya kupanga. Mchapishaji anaiuzia maktaba leseni, leseni moja kwa msomaji mmoja kwa wakati mmoja, na nyingi hukata roho baada ya miaka miwili. HarperCollins tangu 2011 waliamua kwamba leseni ikishaazimwa mara 26 imekwisha, maktaba inunue upya. Na bei wanayotozwa wakutubi mara nyingi ni kubwa kuliko unayolipa wewe dukani. Kwa hiyo foleni unayoiona ni ya kweli kabisa, kama ya daladala lenye kiti kimoja.

Usitoke kwenye foleni hiyo. Zamu yako ikifika ukiwa umebanwa, Libby itakuruhusu kuahirisha, na nafasi yako haipotei. Lakini kwanza iache simu, uende maktaba kwa miguu yako. Riwaya hiyo ilitoka Machi, na foleni ya nakala za karatasi mara nyingi ni fupi. Halafu kuna siri ambayo wenzangu wa kaunta hawatapenda niitoe: maktaba nyingi zina rafu ya vitabu vipya visivyowekewa foleni, kwa kawaida karibu na mlango. Anayewahi ndiye mwenyewe. Unakaa nacho wiki moja au mbili, na huongezewi muda. Mimi huiona rafu hiyo imeshiba Jumatatu asubuhi, baada ya watu kurudisha vya wikendi.

Kuhusu kitabu chenyewe: kina wanawake wanne, na mmoja wao, Kadiatou, mfanyakazi wa hoteli kutoka Guinea, ndiye anayekibeba. Wale wengine nyakati nyingine niliwaruka, nisamehewe. Wakati unasubiri, chukua *Theft* ya Abdulrazak Gurnah, nayo ya Machi mwaka huu, riwaya yake ya kwanza tangu apewe Nobel 2021. Inapita Dar es Salaam na Unguja. Mna kijana mtumishi, Badar, anayesingiziwa wizi, na kuna zile nyumba ambamo kila mtu anajua jambo na hakuna anayelisema. Kama umekulia nyumba ya watu wengi, utawatambua wote.

Shikamoo dada. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga, Kiingereza hasomi, na baridi imemfungia ndani. Maktaba yetu Kiswahili ni kamusi tu. Nimsomee nini? (Mkaza mwana, Columbus)

Marahaba, mwanangu. Rafu hiyo naijua. Katika mpangilio wa Dewey, zile namba ambazo maktaba nyingi hupangia vitabu rafuni, Kiswahili kina namba yake, 496.392, na ukifika hapo unakuta kamusi mbili na kitabu cha watalii cha kuagizia chai. Mama wa Tanga hakuvuka bahari aje asome "chai ni bei gani".

Dawa ipo, ila watu wetu hawaiulizii. Nenda kaunta useme unataka kitabu kutoka maktaba nyingine. Maktaba yako itakiomba huko kiliko, kitaletwa mpaka mtaani kwako, na mara nyingi hulipi kitu. Vitabu vya Kiswahili nchi hii vipo vingi kuliko unavyodhani. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, kazi yake kukusanya machapisho ya Afrika. Chuo Kikuu cha Northwestern, pale Evanston, kina maktaba nzima ya masuala ya Afrika, ya Herskovits, iliyoanza 1954. Si kila nakala inatoka nje, lakini kuomba hakuna faini. Angalia tu kwamba mwaka 2025 fedha za serikali kuu ziliyumba na kuna majimbo yaliyopunguza huduma hii, kwa hiyo uliza kwanza.

Ningeanza na *Peponi*. Ni *Paradise* ya Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis, na Mkuki na Nyota wakaitoa 2022. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kufidia deni la baba yake, na misafara inaondoka pwani kwenda bara. Niliisoma kwa Kiingereza zamani nikaipenda. Nilipoisoma kwa Kiswahili nilihisi maneno yamerudi nyumbani kuvua viatu. Akiwa mpenzi wa mikasa, mpe *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Mohamed Said Abdulla, amwone Bwana Msa na kiko chake. Ni cha 1960, lakini kwa asiyekisoma ni kipya. Na akitaka cha hawa wa sasa, muulizie *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Cornell, hukuhuku Marekani.

Havitawahi Shukrani, nakwambia mapema. Vitabu vya namna hii huchukua wiki kadhaa. Lenga Krismasi. Na ukishaagiza, jaza pia fomu ya kupendekeza kitabu kinunuliwe, na dada zako wa kanisani au msikitini wajaze hiyohiyo. Nimeona kwa macho yangu: maombi matatu ya kitabu kimoja ndani ya mwezi mmoja, na mnunuzi wa vitabu anainua kichwa.

Mtoto wangu wa darasa la pili karudi na kofia ya karatasi, anasema Wahindi Wekundu waliwakaribisha wageni wakala pamoja, basi. Nina wasiwasi na hadithi hiyo. (Baba, Portland, Maine)

Una haki, baba. Chakula cha 1621 cha walowezi wa Kiingereza na wenyeji pale Plymouth, Massachusetts, kilikuwepo, lakini wenyeji wana jina, ni Wawampanoag, na yaliyowafika baadaye hayakuwa karamu. Sikukuu yenyewe ilitangazwa na Rais Lincoln 1863 katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na Alhamisi ya nne ya Novemba ikawekwa kisheria 1941. Tangu 1970 wenyeji na wenzao hukusanyika Plymouth siku hiyohiyo kuomboleza.

Kwa umri wake tafuta *Keepunumuk*, kitabu cha picha cha 2022 kilichoandikwa na wenyeji wenyewe. Humo bibi anawasimulia wajukuu, na mhusika mkuu wa hadithi yake si binadamu, ni mhindi, ule mmea wa mahindi! Ndugu zake ni maharage na boga. Mtoto wa nyumba inayokula makande atauelewa undugu huo kabla hujafungua ukurasa wa pili.

Mama, mie nimetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ni mwaka moja sasa. Naogopa kadi ya maktaba juu watoto wanaweza poteza kitabu na wanitie deni. Inaomba makaratasi gani? (Mama wa watoto watano, Des Moines)

Karibu sana, mama. Kadi ni bure. Kwa kawaida wanataka kitambulisho chenye picha na kitu kinachoonyesha unapoishi, kama mkataba wa nyumba, bili ya umeme au barua iliyokuja kwa posta. Mtoto anasainiwa na mzazi.

Faini za kuchelewesha zimefutwa sehemu nyingi: Chicago walifuta 2019, New York 2021. Kitabu kikipotea kabisa ndipo hudaiwa bei yake. Sasa sikia: ukidaiwa, usijifiche. Njoo kaunta useme. Mimi mwenyewe, kabla sijaajiriwa, nilikalisha kitabu kilichomwagikiwa uji chini ya kitanda miezi minane kwa aibu, na nilipokipeleka yule mama wa kaunta alicheka, akakifuta kwenye kompyuta, akaniuliza kama uji ulikuwa wa ulezi. Anza na vitabu viwili kwa kila mtoto, na kikapu kimoja mlangoni ambamo vitabu vya maktaba hulala.

Tunaendesha saa kumi na tatu kwenda kwa shemeji. Vitabu vya kusikiliza? (Atlanta)

Libby hiyohiyo. Pakua nyumbani kwa waifai, milimani hakuna mtandao. Kwa Kiswahili utapata vichache mno, nasikitika. Chagua kimoja cha watu wazima na kimoja cha watoto, na anayeendesha ndiye mwenye kauli.

Tangu Ngugi wa Thiong'o, yule mwandishi wa Kenya, afariki nataka kumsoma. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Syracuse)

Alitutoka tarehe 28 Mei akiwa na miaka 87, na tangu hapo vitabu vyake havikai rafuni. Kipya ni *Decolonizing Language*, cha mwaka huu, makala zake kuhusu lugha. Lakini usianzie hapo, utadhani alikuwa mhadhiri tu. Anza na *Caitaani Mutharabaini*, aliyoiandika kwa Kigikuyu gerezani Kamiti kwenye karatasi za chooni. Ipo kwa Kiswahili pia, *Shetani Msalabani*, ya 1982. Kicheko chake kina meno.

Binti yangu ana miaka minne. Kila wiki anaazima kitabu kilekile, *Moja Means One*. Vipya havitaki. Nimzuie? (Mama, Seattle)

Umzuie kwa kosa gani? Kitabu hicho ni cha 1971. Muriel Feelings alikiandika baada ya kufundisha Uganda, mumewe Tom akakichora, na kikapata heshima ya Caldecott mwaka uliofuata. Mwache ahesabu mpaka kumi. Ila mwulize mkutubi kama kuna *Jambo Means Hello*, ya haohao, uiweke juu ya meza bila kusema neno, uondoke.