Sarafu yenye kosa la kiwandani: kabla hujatuma hiyo elfu themanini

Mkuu uliyeuliza kuhusu sarafu ya shilingi 200 ambayo maandishi yanayozunguka kichwa cha Karume yanaonekana kama yana kivuli, na jamaa wa WhatsApp kakuahidi milioni nne mradi umtumie kwanza elfu themanini ya "kuithibitisha": usitume. Mnunuzi ndiye anayetoa hela. Ukiona mwenye mali ndiye anayeambiwa aingie mfukoni, ujue hakuna biashara hapo. Ni mchezo ule ule wa rupia ya Mjerumani, umebadilishiwa kanzu tu.

Ila sarafu yenyewe tusiitupe. Mimi haya mambo nilijifunza kwa hasara.

Bibi yangu Pangani alikuwa na kopo la maziwa ya unga limejaa senti za mkoloni, zile zenye tundu katikati. Utotoni tulizitunga kwenye uzi tukavaa shingoni. Alipofariki kopo likaja kwangu, na siku moja nikaona senti kumi moja ya 1952 haifanani na wenzake. Kwa kawaida tundu hukaa katikati ya pembe za ndovu. Kwenye hii tundu lilikuwa limeteleza, limekula sehemu ya pembe moja, na upande wa pili pamebaki uwanja mtupu. Nikajua nimetajirika. Nikaisugua kwa limau na majivu mpaka ikang'aa kama sufuria ya harusi, nikapanda basi kwenda Dar kumwona mzee mmoja anayekusanya sarafu.

Mzee akatoa kioo chake cha kukuzia. Akaangalia tundu, akatabasamu. Akainamisha sarafu kwenye mwanga wa dirisha, tabasamu likakata. "Umeiosha?" Nikasema ndiyo, tena kwa fahari. Akanipa elfu thelathini. Akaniambia ingekuja na uchafu wake wote angenipa sabini. Kwa hiyo yako usiioshe, wala kuipaka mafuta au kuifuta na shati. Ifunge kwenye karatasi kavu, uishike kwa ukingo.

Baada ya chai ndipo akanifundisha. Swali la kwanza si bei. Swali ni: kosa limetokea kiwandani, au sarafu ilipokwisha kutoka? Nyingi tunazoziona zimeumia mtaani: zimebanwa kwenye jiriwa, zimepitiwa na gari, zimeungua kwenye moto wa takataka. Hizo thamani yake ni ile iliyoandikwa juu yake, kama dukani watazipokea.

Sasa hicho kivuli chako. Sarafu hugongwa katikati ya mihuri miwili ya chuma. Ikiwa muhuri wenyewe ulitengenezwa picha ikajirudia, kila sarafu iliyotoka kwenye muhuri huo itakuwa na kosa lile lile, na herufi ya pili itakuwa herufi kamili, imevimba kama ya kwanza, na kwenye pembe zake utaona kama mpasuko. Mfano maarufu ni senti moja ya Marekani ya 1955: mwaka na maandishi yamejirudia hata bila kioo unayaona, na iliyotunzwa vizuri inavuka dola elfu moja. Lakini mara nyingi muhuri ni mzima, ila umelegea ukatikisika wakati wa kugonga. Hapo kivuli kinakuwa bapa, kama ngazi iliyo chini ya herufi, na herufi yenyewe inakonda kwa sababu imeliwa. Hiyo ya pili ipo tele na wakusanyaji wengi hawaiongezei hata shilingi. Kwa picha yako naelekea huko, ila flash imemeza nusu ya uso, sithubutu kuapa.

Tukiwa kwenye kujua ya kweli na ya kughushi, kuna moja napenda sana: sarafu "iliyong'atwa", iliyokosa kipande cha mviringo pembeni. Angalia ukingo ulio mkabala na hilo pengo. Kama kosa ni la kiwandani, mara nyingi ukingo wa upande wa pili nao umefifia, kwa kuwa mashine ilipokuwa inauinua ukingo, kwenye pengo hapakuwa na chuma cha kusukumana nacho. Mtu akikata kwa tupa nyumbani, ule wa pili unabaki mzima.

Kwenye bei, achana kabisa na bei wanazoomba watu. Kila mara naona pensi mbili za Uingereza za 1971 zenye maneno NEW PENCE zinatangazwa kwa maelfu ya pauni. Zile zilitoka kwa mamilioni, na ndivyo zilivyotakiwa kuandikwa! Zenye kosa ni za 1983 tu, zikiwa na maneno hayo. Kwenye eBay, lile soko la mtandaoni, weka kichujio cha vilivyokwisha kuuzwa, tafuta kosa kama lako, ukubwa kama wako, uone watu walilipa nini.

Mwaka 2009 dada yangu aliye Leicester, Uingereza, alikuwa hapati usingizi. Kulikuwa na pensi 20 zisizo na mwaka. Mwaka 2008 walihamisha tarehe kutoka upande wa nyuma kwenda upande wa malkia, kisha kuna mihuri ya zamani ya malkia ikaoanishwa na mipya ya upande wa nyuma yenye picha ya ngao, tarehe ikakosekana kote. Sarafu ya namna hiyo, ya mihuri isiyo ya pamoja, Waingereza huiita baghala, mtoto wa punda na farasi. Mwanzoni watu waliomba maelfu. Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, ikakisia zimetoka kati ya 50,000 na 200,000, na bei ikashuka ikatulia kwenye makumi ya pauni. Dada alipata moja, kwenye chenji ya maziwa. Bado anayo.

Za kwetu zina tatizo jingine: hata kosa likiwa la kweli, wanaolitafuta ni wachache, na wengi wao wako nje. Nauli ya kifurushi inaweza kuimeza bei.

Fanya hivi. Chukua mia mbili nyingine tano za mwaka ule ule dukani kwa Mangi, zipange kando ya yako, uone kama nazo zina kivuli. Mwombe sonara azipime zote kwa mizani yake, uone kama uzito wa yako unalingana na wa hizo nyingine. Halafu piga picha tatu mchana dirishani, bila flash: upande wa Karume, upande wa simba, na ukingo. Ziweke hapa hapa, inbox siangalii.