Kabla ya kuulaumu mtandao wa taifa, kagua waya wako

Chuo chetu kilipounganishwa na mtandao wa taifa wa elimu na utafiti, tuliahidiwa gigabiti 1 kwa sekunde. Mafundi walipomaliza kufunga ruta yao kwenye chumba cha seva, tulipima palepale tukaipata. Wiki chache baadaye mtafiti wa jenetiki akaja ofisini kwangu amekata tamaa. Alikuwa na data ya gigabaiti 400 ya kuwatumia wenzake wa chuo kingine, na kompyuta yake ilikuwa inamwambia asubiri karibu saa 10. Alishaamua kuiweka kwenye diski na kumpa mtu anayesafiri.

Baiti 1 ni biti 8, kwa hiyo kwa gigabiti 1 kwa sekunde, hiyo ni kazi ya saa 1 hivi. Saa 9 au 10 ni hesabu ya megabiti 100. Kwa hiyo kulikuwa na mahali, kati ya ruta na meza yake, palipokuwa pamebana.

Nilifuata waya kabati kwa kabati. Ghorofa ya pili nikakuta taa za swichi, kifaa kinachogawa mtandao kwa waya, zote za kijani, isipokuwa moja iliyowaka rangi ya chungwa. Kebo yake ilikuwa imebanwa na mlango wa kabati. Kebo ya mtandao ina nyaya 8 zilizosokotwa jozi 4, na gigabiti inazitaka zote. Waya mmoja wa jozi ambazo megabiti 100 haizihitaji ukikatika, vifaa vingi havizimiki. Vinashuka kimyakimya hadi megabiti 100, ambayo inatosheka na jozi 2. Barua pepe zilikuwa zinafunguka, kurasa zinafunguka, hivyo hakuna aliyeshtuka. Nilibadilisha kebo yenye urefu wa mita 2. Data ikaenda siku hiyohiyo.

Ndiyo maana nawasihi mafundi wenzangu: mtandao wa taifa unakufikisha getini. Kutoka getini hadi maabara ni kazi yako. Mitandao hii, kama JANET ya Uingereza iliyoanza mwaka 1984 au KENET ya Kenya, ilianzishwa ili taasisi za elimu zipate njia yao, tena ya moja kwa moja kati yao. Inaungana na mitandao ya kanda kama GÉANT ya Ulaya na UbuntuNet Alliance ya Afrika ya Mashariki na Kusini. Inaniuma kuona njia kubwa hivyo inaishia kwenye swichi ya zamani iliyojaa vumbi.

Pima kwa hatua: kwenye ruta, kwenye swichi kuu, kwenye swichi ya jengo, kisha maabara, zote kwa waya. Wi-Fi pima mwisho. Andika namba na saa. Kuna programu ya bure iitwayo perfSONAR, iliyotengenezwa na watu wa mitandao hii hii, inayopima usiku na mchana. Ifunge kwenye kompyuta karibu na ruta. Itakuonyesha hata pakiti, yaani vipande vidogo vya data, zinazopotea. Usizidharau hata zikiwa chache, kwa sababu kompyuta inayotuma hupunguza kasi kila inapoona pakiti imepotea, na kadiri mnayetumiana data alivyo mbali ndivyo inavyochelewa kuirudisha kasi hiyo. Ukimpigia mhandisi wa mtandao wa taifa ukiwa na namba hizo, mnaanza kazi papo hapo. Ukimwambia tu "intaneti iko chini", mtazunguka wiki nzima.

Jambo la pili ni eduroam. Wazo lake lilizaliwa Ulaya mwaka 2002: mwanafunzi anaingia kwenye Wi-Fi ya chuo chochote mwanachama kwa akaunti ya chuo chake. Nywila yake inathibitishwa na chuo chake mwenyewe, chuo alichotembelea hakiioni. Lakini ulinzi huo unategemea simu yake kukihakiki cheti cha seva, yaani kitambulisho kinachoonyesha kuwa inaongea na chuo chake kweli, na nimeona watu wengi wakichagua "usihakiki" ili waunganishwe haraka. Msiwaruhusu. Wapeni programu ya kuweka mipangilio, isiwe karatasi ya maelekezo ukutani.

Na shule? Mara nyingi hazina fundi kabisa. Tulipounganisha shule ya jirani niliwachukua walimu 2 hadi kwenye kabati, nikawaonyesha taa za swichi, nikawaachia kebo 3 za akiba na ufunguo.