Maswali ya Wasomaji: Draiva Zinapogongana

SWALI: Wireshark (programu ya kunasa na kuchunguza data inayopita mtandaoni) ilikuwa inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta yangu ya Windows 10. Nilipoweka programu ya zamani ya kutafuta kamera za mtandao, orodha ya kadi za mtandao ikawa tupu. Nimeifuta Wireshark na kuiweka upya, hali ni ileile. Nifanye nini?

JIBU: Kuweka Wireshark upya peke yake hakusaidii, kwa sababu si Wireshark inayonasa pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni. Inaomba kupitia faili la wpcap.dll, nalo linaongea na draiva (programu ndogo inayofanya kazi ya kunasa) iliyo ndani ya Windows. Kilichovurugika ni huko chini. Programu nyingi za zamani huja na WinPcap, zana ya zamani ya kunasia pakiti, ambayo toleo lake la mwisho, 4.1.3, ni la mwaka 2013. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2019, Wireshark inakuja na Npcap, zana mpya inayofanya kazi hiyohiyo. Draiva ya WinPcap inaitwa npf, ya Npcap inaitwa npcap, lakini mafaili ya wpcap.dll na Packet.dll yana majina yaleyale kwa zote mbili. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kabla ya kufuta chochote, fungua Wireshark, nenda "Help", kisha "About Wireshark", uone imepakia Npcap au WinPcap. Halafu fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, uandike:

sc query npcap
sc query npf

Draiva iliyo hai huonyesha RUNNING. Kosa namba 1060 maana yake draiva hiyo haipo kabisa. Ukikuta npcap ipo ila imesimama (STOPPED), jaribu "net start npcap" kwanza. Huenda tatizo likaishia hapo.

Ikiwa npf ndiyo inayofanya kazi, ondoa WinPcap na Npcap zote mbili kwenye orodha ya programu, kisha zima kompyuta na kuiwasha. Usiruke hatua hii: draiva iliyokwisha kupakiwa hubaki kwenye kumbukumbu hata faili lake likifutwa. Ikishawaka, angalia ndani ya C:\Windows\System32 na C:\Windows\SysWOW64. Ukikuta wpcap.dll au Packet.dll zimebaki, zibadilishe majina, kwa mfano wpcap.dll.zamani, badala ya kuzifuta. Fanya vivyo hivyo kwa npf.sys iliyo ndani ya System32\drivers.

Sasa weka Npcap peke yake, utie alama kwenye "Install Npcap in WinPcap API-compatible Mode". Alama hiyo ndiyo itakayoiwezesha programu yako ya kamera kuikuta wpcap.dll pale ilipozoea. Programu hiyo ikikuuliza tena kama iweke WinPcap, kataa.

SWALI: Nikiwasha VPN ya ofisini, mtandao unakatika. Nikiondoa Npcap unarudi. Lazima nichague kimoja?

JIBU: Si lazima. Npcap hukaa kama kichujio juu ya kadi ya mtandao, na VPN nyingi pamoja na antivairasi huweka vichujio vyao hapohapo. Fungua ncpa.cpl (orodha ya kadi za mtandao), ingia kwenye sifa (Properties) za kadi unayotumia, uondoe alama kwenye "Npcap Packet Driver (NPCAP)" tu. Usiguse kingine kwa wakati huo, la sivyo hutajua kilichosaidia. VPN ikikubali, acha hivyo na urudishe alama siku unayotaka kunasa.

Kwa Windows 11 kuna njia isiyohitaji Npcap hata kidogo, yaani pktmon, zana ya kunasa iliyomo ndani ya Windows yenyewe, nayo ningeianza mimi kwenye kompyuta ya kazini. Kwenye kidirisha cha msimamizi:

pktmon start --capture --pkt-size 0
pktmon stop
pktmon etl2pcap PktMon.etl --out pakiti.pcapng

Kati ya amri ya kwanza na ya pili, rudia kile kinachokusumbua. Ile sifuri ni muhimu: bila hiyo hunaswa baiti 128 tu za kila pakiti, na data nyingi hukatwa. Faili la pakiti.pcapng hufunguka kwenye Wireshark kama kawaida.

SWALI: Pakiti zinazotoka kwangu zinaonyesha "checksum" (hesabu ya kuhakiki kuwa data haijaharibika) mbaya, lakini zinazoingia ni nzima. Draiva imeharibika?

JIBU: Kwa kawaida hapana. Kadi yenyewe ndiyo inayokokotoa hesabu hiyo wakati wa kutuma, na Wireshark huiona pakiti kabla haijafika kwenye kadi. Nasa kwenye kompyuta inayopokea. Hesabu ikiwa sahihi huko, draiva yako ni nzima.