Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kulipia Pete ya Almasi

SWALI: Mhariri, mimi ni kijana mhasibu hapa Kisumu, na ninakusudia kumchumbia mpenzi wangu, ambaye ni muuguzi, kabla ya Desemba. Katika duka moja mjini nimeonyeshwa pete ya almasi ya nusu karati. Muuzaji aligusisha kijimashine kwenye jiwe kikalia, akanionyesha nambari 750 iliyopigwa muhuri ndani ya pete, kisha akaomba malipo ya awali siku iyo hiyo. Je, hayo yanatosha kunihakikishia kwamba ni almasi? — *Msomaji, Kisumu*

JIBU: Hayatoshi, ndugu yangu, na ninakusihi usitoe hata shilingi kwanza. Nambari 750 inahusu dhahabu peke yake: katika kila sehemu 1,000 za madini ya pete hiyo, 750 ni dhahabu halisi, yaani dhahabu ya karati 18. Kuhusu jiwe haisemi lolote, kwani hata kipande cha kioo kinaweza kupachikwa juu ya dhahabu nzuri. Kile kijimashine nacho hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Hutambua papo hapo kioo na zirkonia, jiwe la kiwandani linaloiga almasi, lakini moisanaiti, jiwe la kiwandani litokanalo na silikoni na kaboni, hupitisha joto vizuri kiasi kwamba vijimashine vingi vya aina hiyo hulia vilevile. Ukipewa lenzi inayokuza mara 10, litazame jiwe kwa mshazari: katika moisanaiti kingo za upande wa nyuma mara nyingi huonekana zikiwa mbilimbili, jambo ambalo hulioni katika almasi.

Halafu iko almasi iliyokuzwa maabarani, ambayo itakiliza kijimashine hicho kila mara kwa sababu ni almasi kweli, kaboni ile ile na ugumu ule ule. Kuinunua si aibu hata kidogo. Bei yake imeshuka sana miaka ya karibuni, na hata sonara mzoefu hawezi kuitenga na ile ya ardhini kwa macho tu. Dhuluma ni kutozwa bei ya jiwe la mgodini kwa jiwe la maabara, na ndiyo maana swali la kwanza la kumwuliza muuzaji ni jiwe limetoka wapi, na la pili ni nani mwingine, asiyefaidika na mauzo hayo, anayelithibitisha.

Jibu la swali hilo la pili ni cheti cha maabara huru ya kupima vito, kama vile GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931, au IGI. Cheti kwa kawaida hueleza uzito, rangi, usafi na vipimo vya jiwe, na husema wazi kama lilikuzwa maabarani. Mawe mengi yenye cheti huchongwa nambari yake kwa miali ya leza kwenye ukingo, kwa maandishi madogo yasiyoonekana bila lenzi. Omba uonyeshwe nambari hiyo, uilinganishe na ya kwenye cheti, kisha uitafute wewe mwenyewe katika tovuti ya maabara iliyokitoa. Cheti kilichoandikwa na duka lenyewe ni neno la muuzaji lililopigwa chapa, basi.

Ukisharidhika kwamba jiwe ni almasi, usihangaishwe mno na uzito. Karati moja ya jiwe ni gramu 0.2 (ile ya dhahabu hupima usafi wake, si uzito), na jiwe la mviringo la nusu karati huwa na upana wa milimita 5 hivi. Kinacholifanya limeremete ni ustadi wa kulikata. Rangi hupangwa kuanzia D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, lakini juu ya dhahabu ya manjano macho ya kawaida hayatatofautisha D na H, ilhali mfuko utatofautisha. Tena taa za dukani hulipamba kila jiwe. Omba ulitazame mlangoni, kivulini, kwa mwanga wa mchana.

Kwa kuwa mchumba wako ni muuguzi anayevaa na kuvua glavu siku nzima, jiwe lililoinuliwa juu ya makucha, yaani vijino vya dhahabu vinavyolishika, litakuwa likizichana. Mchagulie lililokaa chini, likizungukwa na ukingo wa dhahabu. Risiti nayo iandike waziwazi: almasi ya asili au ya maabara, uzito wake, nambari ya cheti na kiwango cha dhahabu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, ila maelezo ya mdomo ni shida kuyathibitisha. Muuzaji akikataa kuandika, umekwisha kupata jibu lako.

SWALI: Mume wangu anataka kuninunulia pete iliyozungushiwa almasi kote, akisema ni akiba kama kiwanja. Je, ni kweli? — *Mama wa Nakuru*

JIBU: Mama, ipokee kama zawadi, wala msiihesabu kama akiba. Ukiipeleka kuuza, aghalabu sonara atapima dhahabu na kuilipia kwa uzito, kisha vijiwe vidogo avipe thamani ndogo sana au asivipe kabisa. Fikra kwamba almasi ni mali ya milele ilienezwa mno na matangazo ya kampuni ya almasi ya De Beers tangu mwaka 1947, na matangazo hayo hayakuahidi kwamba kuna atakayeinunua tena. Akiba iwekeni katika sako yenu. Na kidole kipimwe alasiri, si asubuhi ya baridi wakati vidole vimesinyaa, kwa maana pete yenye vijiwe mzunguko mzima ni vigumu sana kupanuliwa baadaye.