Hilo kopo la vipande vya bastola usilitoe nyumbani

Wewe uliyekuta kopo la Blue Band chini ya kitanda cha marehemu babu huko Mbale, Vihiga: usipande matatu ya Nakuru nalo kesho. Umeweka picha ya vipande vilivyomo, ukauliza ni bastola gani, itauzwa pesa ngapi na kutu inatolewaje, na tayari kuna mjuaji amekuambia "peleka kwa fundi akuonee". Hayo ndiyo niliyoambiwa mimi.

Vyangu vilitoka kwa mjomba, Butere. Mtutu, silinda, nyundo mbili, springi zimepinda, kipande cha mpini, na chini kabisa risasi tatu zilizoota ukijani kama sarafu iliyozikwa. Fundi mmoja wa Nakuru, mtu wa saa na kufuli, akaniapia kwa simu kwamba bastola isiyo na fremu, yaani kiunzi kinachoshika vipande vyote, ni skrapu tu. "Leta, pesa ipo." Nikaamini. Nikafunga kwa gazeti, nikaweka chini ya unga wa mtama, nikapita Kisumu na Kericho bila shida. Kizuizini karibu na Salgaa polisi akaingiza mkono kwenye unga.

Abiria wenzangu walinitazama kama jambazi sugu. Mimi, ambaye hata kuku huchinjiwa na jirani!

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inahesabu kipande cha silaha kuwa silaha, na unahitaji cheti. Risasi nazo ni shtaka lake peke yake. Hakuna aliyejali kwamba zile hata kwenye jiwe zisingelipuka. Nyundo mbili? Afisa akaandika bastola mbili. Nililala seli, nikapelekwa kortini, mtamba ukauzwa kwa ajili ya dhamana na mwingine ukamfuata kwa wakili. Kesi ilikuja kuondolewa baada ya mtaalamu wa silaha kuandika ripoti yake, lakini ng'ombe hawarudi kwa ripoti. Na fundi? Simu ilizimwa siku ileile. Nilipomfuata dukani baadaye akaniuliza kama nataka kutengeneza saa. Nilitamani kumtengeneza yeye.

Kosa la pili ni dogo ila na wewe unalikaribia: nilipiga msasa silinda ili ing'ae kwa mnunuzi. Namba ikafifia. Jaribu kumweleza mpelelezi kwamba ulikuwa unapendezesha tu, si kufuta namba ya silaha. Kwa hiyo jibu la kutu ndilo hilo, acha kutu ikae.

Kuhusu aina, kwa picha yako: mtutu wenye bawaba upande wa chini ni wa zile za Kiingereza zinazokunjika katikati, ukifungua maganda yanarushwa nje kwa mpigo mmoja. Webley Mk VI ya 1915 ni nene, risasi yake .455. Enfield No. 2, iliyoanza kutumika 1932, ni ndogo, ya .38. Nyundo yako haina mkia wa kuvutwa kwa dole gumba, na hiyo inanielekeza kwenye Enfield za kuanzia 1938. Lakini vipande vya kopo huchanganyika, na mtutu mmoja hauthibitishi silinda. Halafu hadithi yako ya "babu alipewa KAR", yaani King's African Rifles, jeshi la mkoloni, ipange vizuri kabla ya kuisema: askari wa kawaida alibeba bunduki, bastola zilikuwa za maafisa. Utaulizwa aliipataje.

Sasa sikia. Chuma hakiendi kwa watu, watu wanakuja kwa chuma. Kirudishe pale pale ulipokikuta, funga mlango, nenda mikono mitupu. Ukiweza kumpata wakili, anza naye. Kama huwezi, nenda kwa chifu na mzee mmoja wa ukoo anayejua kopo lilikuwa la nani, kisha kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi. Hakikisha imeandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na upewe namba. Waje walichukue wenyewe. Ukiambiwa "lete tu hapa kituoni", mwombe anayekuambia atume gari, au akuandikie barua. Hata kama kituo kiko ng'ambo ya barabara.

Na huyo aliyeandika hapo juu chini ya picha yako akikuuliza "uko wapi boss, nije na cash", usimjibu. Picha nayo ifute, namba ya silinda inasomeka mpaka kwenye simu yangu iliyopasuka kioo.